Taya la Mtoto Likivimba

Ukijikata kidole jikoni, baada ya siku chache kidonda hufunga. Kazi hiyo hufanywa na seli, yaani chembe hai ambazo ndizo matofali ya mwili. Seli hunakili kwanza maagizo yake yote, yaliyomo katika kromosomu 46, kisha hujigawa kuwa mbili. Kidonda kikifunga, kazi hukoma. Tena seli iliyoharibika husimamishwa irekebishwe, na isiporekebishika hujiua yenyewe. Saratani huanza pale seli moja inapokaidi amri hiyo, na wazao wake wote wakaurithi ukaidi huo.

Mfano mmoja uligunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Aliwaona wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na madaktari wenzake wawili hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakabaini kuwa ugonjwa huo hupatikana katika nchi za joto na mvua, ambako malaria imeenea. Mwaka 1964, mjini London, Anthony Epstein na wenzake waliona virusi ndani ya seli za uvimbe huo.

Virusi hivyo wengi wetu tunavyo tangu utotoni, wala havitudhuru. Lakini malaria ya mara kwa mara huchochea seli fulani nyeupe za damu zigawanyike kupita kiasi. Katika pilikapilika hizo, kipande cha kromosomu ya 8 huweza kukatika na kuungwa pasipo pake, mara nyingi katika ile ya 14. Humo mna jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike. Kwao iliwashwa na kuzimwa, ugenini haizimiki.

Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo, mzazi, meno ya mtoto yakilegea bila sababu, taya au tumbo likavimba, au jicho likatokeza, usimng'oe jino ukangoja. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wala usimtenge na nduguze, kwani saratani hii haiambukizi.

Ajabu ni kwamba kasi hiyo ndiyo udhaifu wake. Dawa nyingi za saratani huziua seli zinapojigawa, na uvimbe huu huyeyuka upesi hata bila kisu. Hapo ndipo wazazi wengine hudanganyika, wakamrudisha mtoto nyumbani kabla ya kumaliza dawa, ilhali seli chache zilizobaki zaanza hesabu upya. Nywele zikinyonyoka wakati wa matibabu, usishtuke: seli za nywele nazo hugawanyika haraka, na dawa haichagui. Zitaota tena.