Kiwanda Kinajengwa, Fundi Anafungiwa Mlango

Julai 2023, Mark Liu, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya TSMC ya Taiwan, alitoa habari ambayo Washington haikupenda kuisikia. Kiwanda chao cha kwanza cha chipu za kompyuta huko Phoenix, Arizona, kilichotarajiwa kuanza uzalishaji mwaka 2024, kingechelewa hadi 2025. Ardhi ilikuwapo, fedha zilikuwapo, wateja walikuwa wakisubiri. Kilichokosekana ni mafundi wa kutosha waliowahi kufunga mitambo ya aina ile. Kampuni ikasema itawaleta wengine kutoka Taiwan kwa muda, wawafundishe wenyeji.

Marekani ilikuwa na haraka. Mwaka 1990 ilishika asilimia 37 ya uwezo wa dunia wa kuzalisha chipu. Miaka thelathini baadaye ilikuwa imeshuka hadi 12. Chipu nyingi za kisasa kabisa zinatoka Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake. Agosti 2022 Rais Joe Biden akasaini sheria iliyotenga dola bilioni 39 za ruzuku kwa viwanda pekee. Hofu iliyozaa sheria hiyo naielewa. Nisichoelewa ni imani kwamba kiwanda kinaweza kununuliwa bila watu wanaojua kukiendesha.

Kisahani cha silikoni chenye upana wa milimita 300 hupita katika mamia ya hatua, kwa miezi, ndani ya chumba ambamo chembe moja ya vumbi ni hasara. Mashine moja ya kampuni ya ASML ya Uholanzi, inayochora saketi kwa mwanga wa urujuanimno, huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 150. Joto likikosewa kidogo katika hatua ya mwanzo, kasoro yaweza kuonekana wiki kadhaa baadaye, mali ikiwa imekwisha kuharibika. Wa kusema kosa lilianzia wapi ni mhandisi aliyewahi kuliona kwingine. Ujuzi huo haumo wote vitabuni. Husafiri na mtu.

Nchi iliyostahili kulijua hili kuliko zote ni Marekani yenyewe. Transista ya MOSFET, ambayo simu yako inazo kwa mabilioni, ilibuniwa mwaka 1959 katika maabara za Bell na wahamiaji wawili: Mohamed Atalla, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Port Said, Misri, na Dawon Kahng kutoka Korea. Andrew Grove, aliyeikuza Intel, aliikimbia Hungaria akiwa kijana. Jensen Huang wa Nvidia na Lisa Su wa AMD wote walizaliwa Taiwan. Na Morris Chang, mzaliwa wa China, alisoma MIT akafanya kazi Texas Instruments kwa miaka 25. Alipoona hapandi tena cheo aliondoka, baadaye akaitikia mwito wa Taiwan, na mwaka 1987 akaanzisha TSMC. Kampuni inayobembelezwa leo kwa ruzuku iliasisiwa na mtu aliyeivia kazini Marekani.

Sheria ya 2022 ilipokuwa ikijadiliwa, toleo la Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kifungu cha kuwaondolea kikomo cha grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, wenye shahada za uzamivu za sayansi na uhandisi. Kifungu kikafutwa njiani, fedha zikabaki. Viza ya kazi ya H-1B ikaendelea na kikomo chake cha 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 kwa waliosomea shahada za juu Marekani. Kwa miaka mingi waombaji wakizidi ilipigwa bahati nasibu, bingwa na anayeanza kazi wakiwa kapu moja. Anayepenya hukuta foleni ya grinikadi, ambako hakuna nchi inayoruhusiwa kupita takriban asilimia 7 ya kadi za mwaka, hivyo mhandisi wa Kihindi anaweza kusubiri miongo.

Vyama vya wafanyakazi Arizona vilipinga kuletwa kwa mafundi wa Taiwan, na havikupinga bure. Mwenye H-1B, kwa mfano, akifukuzwa kazi ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine, la sivyo aondoke. Mtu aliyebanwa hivyo hadai nyongeza, na unyonge wake unamshusha na mwenzake mzawa. Lakini dawa ni kumfungua huyo mgeni aweze kuhama mwajiri, wala si kumfukuza. Desemba 2023 TSMC na vyama hivyo walikubaliana kuhusu mafunzo, usalama na ajira za wenyeji, na mwanzoni mwa 2025 chipu za nanomita 4 zilikuwa zinatoka. Wageni na wenyeji walizitoa pamoja.

Septemba 2025 mambo yakarudi nyuma. Rais Donald Trump alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Mwezi huohuo maofisa wa uhamiaji waliwakamata watu wapatao 475 kwenye ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG jimboni Georgia, zaidi ya 300 wakiwa Wakorea Kusini. Siku chache baadaye Trump mwenyewe akasema hataki kuwatisha wawekezaji, na kwamba wataalamu wao wanahitajika kuwafundisha Wamarekani. Familia zilizoona ndugu zao wakifungwa pingu hazitasahau upesi.

Jambo hili linatugusa. Mei 2024 Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika katika mpango wake wa chipu, na Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inayojenga ujuzi huo. Kijana wetu anayehitimu uhandisi Marekani huruhusiwa kufanya kazi hadi miezi 36, kisha hukabili kikomo kilekile cha H-1B. Taiwan, kwa upande wake, tangu 2018 inatoa Kadi ya Dhahabu kwa wataalamu wa kigeni: ukaazi na kibali cha kazi kwa pamoja, bila kumfunga mtu kwa mwajiri yeyote.