Kibali, Tarakilishi na Jumba: Jiji la Nairobi na Ununuzi wa Programu za Vibali vya Ujenzi

Utangulizi

Wahenga waliposema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa wakiasa kuhusu maisha kwa jumla. Katika Jiji la Nairobi, methali hii ina maana ya wazi isiyohitaji mfasiri. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la orofa sita liliporomoka katika mtaa wa Huruma na kuangamiza watu wapatao 50. Baadaye maafisa wa serikali walieleza kwamba jumba hilo lilikuwa limetengwa ili libomolewe, na kwamba halikuwa na idhini ya kukaliwa. Hata hivyo, lilikuwa limejaa wapangaji.

Jambo linalostahili kutiliwa maanani ni kwamba mkasa huo ulitokea takriban miaka mitano baada ya jiji kuanza kutumia tarakilishi katika utoaji wa vibali. Mwaka wa 2011, lililokuwa Baraza la Jiji la Nairobi lilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kupokea na kuidhinisha michoro ya ujenzi. Je, jiji linaponunua programu ya namna hii, hununua nini hasa? Na ni kitu gani ambacho haliwezi kukinunua? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo mawili.

Safari ya Mchoro

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia serikali za kaunti jukumu la mipango na maendeleo. Aidha, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inakataza mtu yeyote kuanza ujenzi bila idhini ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili kwa pamoja.

Kabla ya kutolewa, idhini hiyo hupitia mikono mingi. Msanifu majengo huchora. Mhandisi hukadiria nguvu za msingi, nguzo na boriti. Afisa wa mipango huchunguza iwapo jengo linaafikiana na eneo. Afisa wa afya ya umma hutazama vyoo, maji na hewa. Naye wa zimamoto hutazama njia za kuokolea watu. Mchoro wa karatasi ulilazimika kubebwa kutoka meza moja hadi nyingine. Faili iliweza kupotea, kulaliwa, au kusubiri mwenyewe aje "kuisukuma" kwa kitu kidogo.

Programu ya vibali huja kuiondoa safari hii ya miguu. Mchoro hutumwa kwa mtandao, ada hukadiriwa kwa vipimo vya jengo, maafisa wote huweza kuusoma kwa wakati mmoja, na kila anayeushughulikia huacha alama ya jina lake na saa. Faida kubwa zaidi ni hiyo alama, kwani palipo na alama, uwajibikaji huwezekana.

Siku Sitini

Kuna sababu nyingine inayoufanya wakati kuwa jambo zito. Kwa mujibu wa sheria hiyo ya mwaka wa 2019, mwombaji asiyepata jibu la maandishi katika muda wa siku 60 huchukuliwa kuwa amekubaliwa. Kwa maneno mengine, kimya cha kaunti ni ridhaa.

Kifungu hiki kinamkinga mwananchi dhidi ya uzembe wa ofisi. Papo hapo, kinaigeuza programu kuwa mlinzi wa saa ya kisheria. Tuseme mfumo umezimika kwa majuma matatu kwa sababu ya hitilafu, au kwa kuwa mkataba wa matengenezo umekwisha. Maafisa hawawezi kusoma michoro, ilhali siku zinaendelea kuhesabiwa. Mchoro wenye nguzo dhaifu unaweza kufikia siku ya 60 bila jicho la mhandisi wa kaunti kuutazama, na mwenyewe akadai kuwa sheria imekwisha kumkubalia. Hivyo basi, hitilafu ya tarakilishi inaweza kuishia kwenye zege.

Kinachonunuliwa

Ibara ya 227 ya Katiba inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Masharti haya ni rahisi kuyatimiza panaponunuliwa meza au saruji, kwa kuwa kitu huonekana na hupimika. Programu haipimwi kwa ratili wala kwa futi. Anayeinunua hununua, kwa hakika, mkataba. Na yasiyoandikwa katika mkataba hayamo katika programu.

Mambo matatu yanadhihirisha ukweli huu. La kwanza ni mabadiliko ya sheria. Kwa zaidi ya nusu karne, ujenzi nchini uliongozwa na kanuni za mwaka wa 1968. Kanuni mpya za kitaifa, za mwaka wa 2024, zilianza kutumika Machi 2025. Programu iliyofundishwa kanuni za zamani haina budi kufundishwa upya. Iwapo zabuni haikueleza ni nani atakayeifanya kazi hiyo na kwa gharama gani, muuzaji atataja bei apendayo, nayo kaunti haitakuwa na pa kukimbilia.

La pili ni umiliki wa kumbukumbu. Kati ya mwaka wa 2011 na 2022, mipango ya Jiji la Nairobi ilipitia mikono ya Baraza la Jiji, ikachukuliwa na serikali ya kaunti mwaka wa 2013, ikakabidhiwa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi mwaka wa 2020, kisha ikarejeshwa kwa kaunti mwaka wa 2022. Wenye ofisi huja na kuondoka, majumba hubaki. Mchoro ulioidhinishwa leo unaweza kuhitajika miaka 30 baadaye, siku ufa utakapoonekana ukutani. Kumbukumbu zikiwa zimefungwa ndani ya mtambo wa mfanyabiashara, jiji litakuwa mpangaji katika nyumba yake lenyewe.

La tatu ni lugha. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mhandisi huandika hesabu zake kwa Kiingereza, lakini fundi katika mjengo hutaja msingi, nguzo, boriti na orofa kwa Kiswahili. Mpangaji anayetaka kujua iwapo jumba analoishi lina kibali anastahili kuuliza na kujibiwa kwa lugha hiyo. Muuzaji hawezi kulaumiwa kwa kutoleta Kiswahili ambacho hakuagizwa. Wataalamu wa istilahi nao wana wajibu wa kuiandaa msamiati huo kabla ya zabuni kutangazwa.

Kisichonunulika

Programu hujua tu yale iliyoambiwa. Jumba ambalo mwenyewe hakuomba kibali halimo ndani yake. Jumba lililoidhinishwa kwa orofa nne likaongezwa mbili litasomeka kuwa la orofa nne hadi mtu aende kulihesabu. Saruji iliyopunguzwa na mchanga usiofaa havionekani katika mchoro. Kazi hiyo ni ya mkaguzi anayefika wakati msingi unapochimbwa, nondo zinapofungwa, na kabla ya wapangaji kuingia.

Hatari iliyopo ni jiji kuhesabu ufanisi kwa wingi na kasi ya vibali vilivyotolewa, kwa kuwa hivyo ndivyo tarakilishi inavyoweza kuhesabu kwa wepesi, huku idadi ya wakaguzi na magari ya kuwafikisha kwenye mijengo ikisahaulika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba programu ya vibali huharakisha karatasi, huacha alama za uwajibikaji na huhifadhi kumbukumbu, madhali mkataba umeandikwa kwa makini. Hata hivyo, kibali ni ahadi tu, na anayehakikisha kuwa ahadi imetimizwa ni mtu mwenye macho, mamlaka na uadilifu. Huruma palikosekana anayewaondoa watu jumbani, ingawa ilikwisha kujulikana kuwa halifai kukaliwa. Tarakilishi inaweza kuonyesha ufa ulipo. Kuuziba ni kazi ya binadamu.