ORDINATERE YA TAA ZA NOELI: NAMNA YA KUITUNZA



Tangu tulipotundika taa za Noeli mbele ya nyumba ya internat, maswali ni mengi. "Ni nani anawasha na kuzima? Mbona hatuoni mtu?" Hakuna mtu. Iko ordinatere moja ndogo, ukubwa wake sawa na kadi ya mwanafunzi, jina lake Raspberry Pi. Ya kwanza za namna hiyo zilitoka Uingereza mwaka 2012. Ndani yake tumeweka programu ya bure inayoitwa Falcon Player, nayo inafuata saa na orodha tuliyoiandikia. Kuiweka ni kazi ya siku moja. Kuitunza ni kazi ya mwezi mzima, na juu ya hiyo ndiyo tunaandika.

Taa za umeme za Noeli si jambo la jana. Mwaka 1882, katika mji wa New York, Edward Johnson, mwenzake Edison, aliweka taa 80 kwenye mti nyumbani mwake, nyekundu, nyeupe na buluu, na mti ukizungushwa kwa umeme. Johnson alikuwa mtu wa kazi ya umeme, hakukosa nguvu. Kwetu Bunia ni mambo mengine: umeme unakuja, unakwenda, na nyumba nyingi zinategemea plake ya jua na batri. Na batri ile ile ndiyo inatoa mwanga wa masomo ya jioni. Kwa hiyo swali la kwanza si taa zitacheza namna gani, ni zitakula kiasi gani.

Tuhesabu pamoja. Taa moja ya aina yetu, ikiwaka nyeupe kwa nguvu yote, inakula karibu ampere 0.06 kwa voliti 5. Taa 100 ni ampere 6, maana yake wati 30. Ongeza wati 3 za ordinatere. Kwa saa nne za usiku tumekula wati-saa 132, bila kuhesabu zile zinazopotea katika chombo cha kushusha voliti 12 za batri kufika 5. Sasa angalia upande wa pili: taa nne za darasa, kila moja wati 10, kwa saa tatu za kusoma, ni wati-saa 120. Kumbe mapambo yanakula kuliko masomo! Na batri ya namna ya gari haipendi kunyonywa kupita nusu yake. Ukiizoesha hivyo itakufa upesi.

Dawa iko katika ordinatere yenyewe. Punguza mwangaza mpaka theluthi moja: wati 30 zinakuwa karibu 10, na macho hayaoni tofauti kubwa hivyo, hasa pale giza ni kubwa. Ama tumia rangi moja. Taa nyeupe ni rangi tatu zinazowaka pamoja. Nyekundu peke yake inakula theluthi tu. Sisi tumechagua theluthi ya mwangaza na saa mbili kila jioni. Wenzetu wengine walinung'unika, lakini kwa maoni yetu hakuna Noeli nzuri katika nyumba ambayo watoto wanasoma gizani.

Halafu saa. Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Ordinatere inahesabu kuanzia usiku wa manane, basi saa kumi na mbili ya jioni inaandikwa 18:00. Ukiandika 12:00, taa zitawaka mchana kweupe na kuku watashangaa. Tena Kongo yetu ina saa mbili tofauti. Ordinatere ikikuuliza mahali, usichague Kinshasa juu ya kusema ndio mji mkuu: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na taa zako zitachelewa saa moja. Chagua Africa/Lubumbashi, ndiyo saa ya upande wetu wa mashariki. Faida yetu ni kwamba Bunia iko karibu na ikweta, jua linazama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Ukipanga mara moja, imetosha.

Lakini ordinatere hii, ikikosa umeme na intaneti, haijui wakati umepita. Umeme ukikatika saa nane ya mchana na kurudi saa kumi na moja, yenyewe inaendelea pale ilipoachia, na taa zitawaka saa tatu ya usiku. Iko kisaa kidogo chenye batri ya duara, jina lake DS3231, kinachobandikwa juu yake ili kikumbuke saa. Ni kitu kidogo, lakini bila hicho usitegemee orodha yako.

Sehemu moja ya taa ikizimika, usikimbilie ordinatere. Taa zetu zinapitishiana ujumbe sawa vile watu wanapitishiana matofali: ya kwanza inachukua neno lake, inapeleka mengine mbele. Ikifa moja, zote zilizo nyuma yake zinakosa habari. Tafuta ya kwanza iliyozimika na ile inayoitangulia. Ugonjwa uko kati ya hizo mbili, mara nyingi ni waya iliyolegea ao maji ya mvua.

Jambo la mwisho, tunawaomba wote wa internat: asiwepo mtu wa kuchomoa waya ya ordinatere ili achaji telefone. Programu yote imeandikwa katika kadi ndogo, na umeme ukikatwa ghafula wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika kabisa. Kwanza tunaiambia ifunge, tunangoja taa yake ya kijani iache kupepesa, ndipo tunachomoa. Kadi ya pili, yenye programu ile ile, imewekwa ndani ya bahasha katika kabati ya fizikia, na jina la kikundi chetu limeandikwa juu.