Aloi ya kobalti na kromi

Aloi ya kobalti na kromi ni mchanganyiko wa metali ambao sehemu yake kubwa ni kobalti (Co) iliyoongezewa kromi (Cr), na mara nyingi pia molibdeni (Mo) au wolframi (W). Inajulikana kwa ugumu wake, kwa kutolika haraka inaposuguliwa na kwa kutoshika kutu. Hutumika kutengeneza viungo bandia vya nyonga na magoti, fremu za meno bandia, pamoja na sehemu za mashine zinazofanya kazi katika joto kali, kama vile vali za injini.

Historia

Aloi hii ilibuniwa na Mmarekani Elwood Haynes wa mji wa Kokomo, Indiana, aliyepata hataza yake mwaka 1907. Baadaye aligundua kwamba kuongeza wolframi kunaifanya iwe ngumu kiasi cha kufaa kukatia chuma kwenye mashine. Aliiita Stellite, kutokana na neno la Kilatini stella (nyota), kwa sababu ya mng'aro wake.

Mwaka 1932 ilitokea aina yenye molibdeni iliyoitwa Vitallium, ambayo kwanza ilitumiwa na matabibu wa meno. Mwaka 1938 daktari Marius Smith-Petersen wa Boston alianza kuitumia kutengeneza kikombe cha kufunika kichwa cha mfupa wa paja kwa wagonjwa wa nyonga.

Sifa

Aina inayotumika sana katika tiba huwa na kromi asilimia 27–30 na molibdeni asilimia 5–7. Sifa zake ni takriban hizi:

- Densiti: 8.3 g/cm³
- Kuyeyuka: kati ya 1350 °C na 1450 °C
- Moduli ya unyumbufu: gigapaskali 210–240

Kila elementi ina kazi yake. Kromi huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba wa oksidi, wenye unene wa nanomita chache tu, unaozuia kutu. Utando huo ukikwaruzwa hujijenga upya. Molibdeni na wolframi huongeza nguvu. Kaboni kidogo iliyomo hufanya chembe za karbidi, ambazo ni ngumu kuliko metali inayozizunguka.

Kobalti yenyewe hubadilisha mpangilio wa atomu zake kwenye joto la takriban 420 °C: chini ya hapo fuwele zake ni za pembesita, juu ya hapo ni za mchemraba. Katika aloi, mpangilio wa mchemraba mara nyingi hubaki hata baada ya kupoa, lakini mgandamizo au msuguano unaweza kuugeuza kuwa wa pembesita. Kwa hiyo uso wa aloi huzidi kuwa mgumu kadiri unavyofanya kazi. Kwa sababu hiyohiyo ni vigumu kuichonga, na vifaa vingi hutengenezwa kwa kuimimina katika kalibu au kwa kuyeyusha unga wake kwa leza.

Matumizi mwilini

Ukakamavu wa aloi hii ni faida na hasara pia. Sehemu ngumu ya mfupa ina moduli ya gigapaskali 10–30 hivi. Kiungo bandia kilicho kikakamavu mno hubeba mzigo ambao mfupa ungepaswa kubeba, na mfupa usiobeba mzigo hupungua. Ndiyo maana shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja mara nyingi hutengenezwa kwa aloi ya titani, yenye moduli ya karibu gigapaskali 110. Lakini titani hulika upesi inaposuguliwa, hivyo aloi ya kobalti hutumika kwa kichwa cha kiungo.

Tatizo lingine ni chembe na ioni za kobalti zinazotoka pale metali inaposuguana na metali. Zikizidi huharibu tishu za jirani, na kobalti nyingi katika damu inaweza kudhuru moyo na neva. Mwaka 2010 aina moja ya nyonga bandia za metali kwa metali iliondolewa sokoni duniani kote. Siku hizi kichwa cha metali kwa kawaida huzunguka ndani ya kikombe cha plastiki ya polietilini.

Upatikanaji

Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa mikoa ya Lualaba na Katanga ya Juu, ambako hupatikana pamoja na shaba.