Je, Wajua? Bayokemia ya Mwaka wa Kwanza Imejaa Kajiado

Vijana wa Kisaju, Kitengela na Isinya wanaoingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea udaktari hukutana na bayokemia mapema, pale bewa la Chiromo. Wengi huliogopa somo hili: majina marefu, mizunguko ya kukariri, na tisho la kurudia mtihani. Lakini mada nyingi zinazowatoa jasho zina mfano wake hai katika kaunti yao. Hii hapa mifano sita.

1. Je, wajua kwamba mtu mzima anayekunywa maziwa bila taabu ni mtu wa pekee?
Watoto wa wanyama wanyonyeshao huzaliwa na kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachokata sukari ya maziwa, laktosi, ikawa glukosi na galaktosi. Wakishaachishwa ziwa, jeni ya laktesi hupoa. Ndivyo ilivyo hata kwa watu wazima wengi duniani: laktosi hufika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria huichachua, na tumbo hujaa gesi au kuendesha.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba badiliko la herufi moja ya DNA, G kuwa C, katika nafasi ya 14,010 kabla ya jeni ya laktesi, huiacha jeni hiyo ikichapa kazi ukubwani. Badiliko la Wazungu liko nafasi ya 13,910. Herufi 100 tu zinayatenganisha, na bado kila moja lilizuka kivyake. La Afrika Mashariki lilisambaa katika miaka 7,000 hivi iliyopita, kwani aliyekuwa nalo katika jamii ya wafugaji alinufaika zaidi na ng'ombe wake.

2. Je, wajua kwamba kibuyu cha maziwa ni maabara ya protini?
Mama wa Kimaasai huchoma kijiti cha oloirien, mzeituni wa mwituni, hadi kiwe kaa la moto. Hukiingiza kibuyuni, akakisugua ndani kote mpaka moshi ushike, kisha hukung'uta majivu na kumimina maziwa. Kazi iliyobaki ni ya bakteria. Uchunguzi wa kule naoto, maziwa ya Kimaasai yaliyochachuka, uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa wanaotawala humo ni wa jamii ya Lactobacillus.

Maziwa freshi yana pH ya 6.7 hivi. Bakteria hao hugeuza laktosi kuwa asidi ya laktiki, na pH hushuka. Ikikaribia 4.6, chaji hasi na chanya za protini ya kaseini hulingana. Chembe zake hazisukumani tena, hushikana, na maziwa huganda. Chuoni jaribio hilo hufanywa kwa kudondosha asidi ya siki kwenye maziwa. Na kwa kuwa sehemu ya laktosi imeshaliwa, hata asiye na laktesi huweza kunywa maziwa hayo bila kuumwa.

3. Je, wajua kwamba unywele unaweza kukuambia mnyama alikula nini?
Nyasi nyingi za mbuga za Kajiado hunasa kaboni kwa njia ya C4, ambayo Hal Hatch na Roger Slack waliifafanua huko Australia mwaka 1966. Migunga hutumia njia ya kale zaidi, C3. Mimea ya C4 hubeba kaboni-13 nyingi kidogo kuliko ya C3, na tofauti hiyo humfuata anayeila. Kwa hiyo unywele wa ng'ombe aliyelishwa nyasi hautoi kipimo sawa na wa mbuzi aliyeshinda kwenye migunga, hata kama wamelala boma moja.

4. Je, wajua kwamba kinachotia meno rangi ya kahawia husaidia kupima kisukari?
Visima vingi vya Kajiado vina floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake yanajengwa, tabaka la nje la jino halikamiliki vizuri na huota madoa ya kahawia.

Hospitalini, damu ya kupimwa sukari hutiwa katika chupa ndogo yenye kifuniko cha kijivu. Ndani yake kuna sodiamu floraidi. Seli nyekundu za damu huendelea kula glukosi hata zikiwa nje ya mwili, na bila kizuizi kipimo kingeshuka saa baada ya saa. Floraidi hukibana kimeng'enya cha enolesi, hatua ya 9 kati ya 10 za glikolisisi, na baada ya muda ulaji huo husimama.

5. Je, wajua kwamba Ziwa Magadi lina samaki anayetoa taka kama binadamu?
Samaki wengi hutoa amonia kupitia matamvua. Majini amonia hupokea ioni ya haidrojeni, ikawa amoniamu isiyorudi mwilini kwa urahisi. Lakini maji ya Magadi yana pH ya karibu 10, ioni hizo ni chache mno, na amonia ingerundikana damuni imuue samaki. Tilapia mdogo wa huko, Alcolapia grahami, huigeuza yote kuwa yurea. Wanasayansi walilieleza jambo hilo katika jarida la Nature mwaka 1989. Mzunguko anaoutumia ni uleule waliougundua Hans Krebs na Kurt Henseleit huko Ujerumani mwaka 1932, ambao mwanafunzi hutakiwa kuuchora kwa kichwa.

6. Je, wajua kwamba sumu ya mishale ilisaidia kuleta Tuzo ya Nobel?
Mti wa olmorijoi, Acokanthera, una uabaini, sumu iliyopakwa mishale kwa karne nyingi. Kuna hata panya mkubwa wa Afrika Mashariki anayetafuna gamba lake na kujipaka mate yenye sumu ubavuni. Mbwa akimng'ata hujutia.

Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark, akichunguza neva za miguu ya kaa, alikuta kimeng'enya kinachovunja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, panapokuwa na sodiamu na potasiamu. Je, ndicho pampu inayotoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2? Uabaini ulijibu: ulijulikana kuisimamisha pampu, na ulipowekwa, kimeng'enya nacho kilisimama. Moyo wa mnyama aliyechomwa mshale hufa kwa sababu hiyohiyo: sodiamu hubaki ndani ya seli, kalsiamu huongezeka, na mapigo huvurugika.

Skou alipata nusu ya Nobel ya Kemia ya 1997. Nusu nyingine waligawana Paul Boyer na John Walker, waliofafanua ATP inavyotengenezwa. Tuzo moja, basi, ililipa pande zote mbili za hesabu ya nishati, kuzalisha na kutumia. Mwanafunzi akizielewa hizo mbili, sehemu kubwa ya mizunguko aliyokuwa akiikariri huanza kueleweka.