Msimfunge Kilebu Kinywa

Swali ninaloulizwa kupita maswali yote, na ambalo sasa nimechoka kulijibu kwa upole, si namna ya kumfundisha kilebu adabu ya kunyamaza, bali ni hili: "Daktari, nimfunge kinywa kwa saa ngapi hata aache kubweka?" Mwulizaji amekwisha kukata shauri kwamba kufunga ni dawa, na anachotaka kwangu ni kipimo tu. Jibu langu ni kwamba asimfunge hata dakika moja.

Itikadi hii imeenea mijini, hasa katika nyua zilizobanana ambamo jirani mwenye mtoto mchanga hulalamika usiku kucha, na watu waungwana wasioweza kumpiga hata paka huamini kwamba utepe uliokatwa katika mpira wa baiskeli una rehema kuliko fimbo. Hauna. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, ila kidogo tu katika nyayo. Joto lake hulitoa kwa kuhema, kinywa wazi na ulimi nje, na joto hilo, ambalo katika afya ni takriban digrii 38 na nusu, likipita 41 huanza kuharibu ubongo, figo na matumbo. Mfunge kinywa adhuhuri ya Februari katika Dar es Salaam, ilhali yumo katika mnyororo kando ya ukuta wa bati, naye kwa hofu anapigania kujinasua, nawe umemnyima njia yake kubwa ya kupoa, na aweza kufa kabla hujarudi kutoka sokoni. Maji hawezi kunywa, na akitapika, matapishi yaweza kumwingia mapafuni.

Asiyekufa huweza kubaki na jeraha. Nimepata kuletewa kilebu ambaye bwana wake alidhani ana jipu la pua, kwa kuwa uso ulikuwa umevimba na kunuka. Nilipomnyoa nikaukuta uzi wa katani umezama katika nyama hata karibu na mfupa. Watoto wa nyumba walikuwa wameufunga, manyoya yakaufunika, ukasahauliwa.

Lau mateso hayo yangalifundisha kitu, pengine watu wangalikuwa na udhuru. Lakini hayafundishi, maana huzuia sauti na kuiacha sababu yake mahali pale pale. Kilebu hubweka kwa sababu ametengwa na mama yake, aghalabu kabla hajatimiza wiki 8, akatupwa peke yake kibandani. Au huona miguu ya wapita njia chini ya lango. Au amekwisha kujua kwamba akibweka watu hutoka. Hata basenji wa Kongo, mbwa mashuhuri kwa kutobweka kama wenzake, hupaza sauti za namna nyingine, maana Mwenyezi Mungu hakumwumba mbwa awe bubu. Na wewe unayemfokea toka dirishani umemjibu, naye alikuwa akitaka kujibiwa.

Fanyeni hivi. Usiku wa kwanza kwanza alale karibu na mtu; asubuhi atembezwe na kuchezeshwa hata achoke; sehemu ya chini ya lango izibwe kwa bati au ubao; na akibweka kwa kutaka chakula au kufunguliwa, msubiri anyamaze, japo kwa pumzi tatu, ndipo umpe, ukisema "kimya" kwa sauti ya chini na kumtunza kipande cha dagaa. Siku za mwanzo huenda akazidisha kelele. Ukilegea hapo, umemfundisha kwamba inafaa kubweka zaidi. Akibweka kwa kuona mgeni, mwache mara mbili tatu, kisha mwite na kumsifu akija, maana mlinzi naye unamtaka.

Ila sauti ikibadilika ghafula, ikawa ya kukwaruza, naye anadondoka mate na kushindwa kumeza, msimguse kinywa kwa hali yoyote: huenda ni kichaa cha mbwa, maradhi ambayo mtu akishaonyesha dalili zake hana matumaini ya kupona. Mtengeni, mwiteni bwana mifugo, na aliyeumwa au kuingiwa na mate jerahani aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku ile ile. Chanjo ya maradhi hayo kilebu hupewa afikapo miezi 3, mpelekeni.