Aachaye Kileo Asiachwe Peke Yake

Mwenye kuujua Mji wa Kale wa Mombasa anajua kwamba baina ya alasiri na isha mji huu huishi nje ya milango yake. Tangu Ndia Kuu hadi Kibokoni na Kuze mabaraza hujaa wazee kwa vijana, muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akivigonganisha vikombe ili asikiwe kabla ya kuonekana, na habari za arusi na mazishi, za posa na mirathi, husemwa zikarudiwa hata mwadhini akawanyanyua watu. Lakini liko jambo lisilosemwa hapo, ijapokuwa aghalabu ya waliokaa wanalijua, nalo ni kwamba miongoni mwa walioaga mapema kwa kisingizio cha kazi yumo mmoja aliyeshika njia ya kwenda kunywa mahali ambapo hajulikani ni mwana wa nani, na kwamba atarejea usiku mkuu akizipanda ngazi kwa ncha za vidole, mdomoni akitafuna karafuu ili mamake asimnuse.

Makala haya yanamhusu mtu huyo, na zaidi yake yanawahusu waliobaki barazani. Kwani kuacha kileo, kwa aliyekwisha kuwa mraibu, si kazi ya azma yake peke yake, wala ya toba yake peke yake, wala ya tabibu peke yake, bali ni kazi ya jamaa na majirani pia, na mji uliozoea kumsitiri mlevi wake kwa kujifanya haumwoni umemnyima, bila ya kukusudia, dawa iliyo karibu naye kuliko zote.

Si kweli kwamba kileo ni mgeni wa juzi katika pwani yetu. Mnazi hutoa tembo kwa kila ajuaye kuugema: mgema hukwea asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara ambalo bado halijafunguka, akakinga kwa kibuyu maji yanayodondoka, na maji hayo, ambayo yakiwa mapya ni matamu, hayangoji mtu kuyachachua, kwani saa chache baadaye yamekwisha kuwa makali yenyewe. Kwa Wamijikenda tembo hilo lina daraja yake katika mila, huingia katika mambo ya posa kwa jina la kadzama na humwagwa katika matambiko; na kutoka mashamba ya Rabai na Kilifi hushuka hadi mangweni, yaani kwenye vilabu vya tembo, huko Kisauni na Likoni. Bandari ya Kilindini nayo ilileta mabaa ya mabaharia kando ya barabara iitwayo leo Moi Avenue, hata mtu wa kisiwani akawa hana haja ya kwenda mbali kukitafuta kileo cha chupa. Wanazuoni hawakunyamaza: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufariki kwake 1947, aliandika katika magazeti yake mwenyewe, Sahifa ya 1930 na Al-Islah ya 1932, akiwalaumu Waislamu wa mji wake kwa kuyaiga mabaya ya wageni na kuyaacha mazuri yao. Serikali nayo ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyoruhusu pombe za kienyeji kwa masharti na kuviamuru vilabu visifunguliwe siku za kazi kabla ya saa 11 jioni, saa ile ile ambayo baraza linachangamka. Pamoja na hayo yote, uchunguzi wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kiasi cha mtu 1 katika kila 20 nchini, kati ya wenye umri wa miaka 15 na 65, ametekwa na kileo kwa kadiri ya kuhitaji tiba. Watu hao wamo katika kila dini na kila mtaa, na Mji wa Kale hauna ukuta wa kuwazuia.

Iwapo hukumu ya dini inajulikana na kila mtoto wa chuoni, basi kwa nini mtu anayeijua asiache? Jawabu la kwanza limo mwilini. Kileo huupooza ubongo, na ubongo ukipoozwa kila siku hujihami kwa kuzizidisha nguvu zake za kuamka; kikiondolewa ghafla, nguvu zile hubaki hazina wa kuzizuia, na hapo ndipo ijapo ile hali ambayo vijana wetu huiita arosto. Kwa mnywaji wa kila siku, wa miaka mingi, saa 6 hadi 12 tangu glasi ya mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo hupiga mbio na usingizi humkimbia. Katika siku mbili za kwanza aweza kuanguka kifafa ambacho hakuwa nacho maishani. Na baina ya siku ya pili na ya nne baadhi yao hupatwa na weweseko, wakawaona wadudu ukutani, wakazungumza na watu wasiokuwapo, wasijue kuwa ni usiku au mchana.

Hapo ndipo aila nyingi za pwani hukosea kwa nia njema. Mtu anapoanza kuviona visivyoonekana, mawazo ya nyumba nzima huenda kwenye majini; huitwa msomaji, huandikwa kombe la zafarani, na mgonjwa hufungiwa ghorofani ili watu wa nje wasisikie kelele zake. Kisomo kina wakati wake na faraja yake, walakini weweseko la kuacha kileo huweza kuua, nalo lina dawa hospitalini: daktari humpa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1, ambayo mlevi wa muda mrefu huikosa na ambayo upungufu wake huharibu kumbukumbu. Kwa hiyo anywaye kila siku na kutetemeka asubuhi asiambiwe aache leo kwa ghafla akiwa peke yake chumbani. Aende kwanza kwa tabibu, na akianguka kifafa au akianza kuweweseka apelekwe saa ile ile Hospitali Kuu ya Pwani, aibu ikangoje nyumbani. Wahenga walikwisha kutuusia: mficha maradhi kilio humfichua.

Siku hizo chache zikipita mwili hutulia, na watu hudhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Ushahidi mzuri wa jambo hili tunao kila mwaka. Wako wanywaji wengi ambao, vunjajungu la mwisho wa Shaaban likiisha, hukiacha kileo mwezi mzima wa Ramadhani, wakafunga na kuswali, hata mama zao wakaona kwamba mtoto amerudi. Kisha Idi haijaingia siku yake ya pili ila wamekwisha kurejea walikotoka. Wenzao huwaita wanafiki. Lakini tuitazame Ramadhani yenyewe kwa jinsi inavyomchukua mtu: saa ya magharibi, ambayo ndiyo saa ya kiu yake, humkuta mbele ya futari pamoja na watu wake; baada yake yumo safuni katika tarawehe, bega kwa bega na jirani; baada ya tarawehe yuko barazani hadi usiku; kisha anaamshwa kula daku. Hakuna saa ya giza ambayo ameachwa na nafsi yake. Mwezi ukiandama, mihimili hiyo yote huondolewa usiku mmoja, na anayeanguka hukaripiwa kwa udhaifu, ilhali aliyoyaweza kwa siku 30 aliyaweza kwa sababu mji mzima ulikuwa umeketi naye. (Na mnywaji wa kila siku akumbuke kwamba hata kwa ajili ya Ramadhani yafaa amwone daktari kabla ya mwezi kuandama.)

Siri hiyo hiyo iligunduliwa na watu wa mbali kwa njia nyingine. Mnamo Mei 1935 mfanyabiashara wa New York aliyeitwa Bill Wilson, aliyekuwa ameacha kunywa kwa miezi michache tu, alijikuta peke yake katika hoteli ya mji wa Akron, biashara yake imemharibikia na sauti za baa zinamwita. Badala ya kwenda baani alipiga simu makanisani akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akaelekezwa kwa Dokta Bob Smith, mpasuaji aliyekuwa ameshindwa na kila dawa aliyoijua mwenyewe. Smith alikubali kumsikiliza kwa dakika 15, na mazungumzo yakaendelea kwa saa nyingi, kwani kwa mara ya kwanza hakuwa akihutubiwa na mtu mwema, bali alikuwa akisimuliwa na mgonjwa mwenziwe. Tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa jumuiya ya Alcoholics Anonymous, ambayo leo imeenea ulimwenguni na ina vikundi Kenya pia. Mkutano wao ni jambo sahili mno: watu hukaa duara, kila mmoja hutaja jina lake la kwanza tu, husema hali yake na husikilizwa bila ya kukatizwa, hakuna ada, hakuna rejista, na yasemwayo humo hayatoki nje. Mapitio makubwa ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2020 na jumuiya ya Cochrane, yakikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, yalithibitisha kwamba njia hii, ikifundishwa kwa utaratibu, huwasaidia watu kuacha kabisa kwa kadiri isiyopungua tiba nyinginezo, na mara nyingi huzipita.

Atakayesema kwamba jambo hilo lina harufu ya kanisa hakukosea, maana lilizaliwa miongoni mwa Wakristo. Ndiyo maana Waislamu wa Baltimore, Marekani, waliunda mwaka 1989 jumuiya yao iitwayo Millati Islami, ambamo hatua 12 za kupona zinazofuatwa na Alcoholics Anonymous zimepangwa upya juu ya misingi ya tauhidi na toba. Na karibu nasi zaidi, ndugu zetu wa Unguja tangu mwaka 2009 wamekuwa na nyumba ziitwazo soba haus, ambamo wanaoacha, wengi wao wakiwa waraibu wa unga, yaani heroini, na baadhi wa pombe, huishi pamoja kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi wa waliotangulia kuacha, wakipika, wakifagia na kuswali pamoja, na aliyepona hubaki kumpokea ajaye.

Wala Qur'ani yenyewe haikuwaachisha watu wa Madina kileo kwa neno moja la ghafla. Katika Sura ya Al-Baqara walielezwa kwamba madhara ya ulevi yanazishinda faida zake. Katika Sura ya An-Nisaa wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa. Na mwisho, katika Sura ya Al-Maida, mlango ukafungwa kabisa. Hukumu imekwisha kutimia na hairudi nyuma, lakini hekima ya taratibu ile ingali hai: walioachishwa walikuwa umma ulioacha kwa pamoja, na udhaifu wao ulizingatiwa hadi mwisho wa njia.

Mombasa haikosi pa kuanzia. Simu 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo, na anayepiga halazimiki kusubiri hadi aharibikiwe. Ng'ambo ya kisiwa kuna kituo cha tiba cha Miritini, na hospitali ya Port Reitz yenye wodi ya maradhi ya akili. Na mashirika ya mji wenyewe, kama MEWA na Reachout Centre Trust, yaliyojulikana hasa kwa kuwahudumia waraibu wa unga, yana ujuzi wa miaka mingi wa kumshika mtu mkono bila ya kumdharau. Kwa mwanamke anywaye, ambaye izara yake hapa kwetu ni maradufu na ambaye aghalabu hunywa ndani ya chumba kilichofungwa, simu ile huenda ikawa mlango wa kwanza anaoweza kuugusa.

Lakini kituo humlea mtu kwa miezi, kisha humrudisha mtaani, na mtaani ndiko anakokutana na njaa, hasira, upweke na uchovu, mambo manne ambayo wazoefu wa kuacha huyataja kuwa ndiyo humrejesha mtu kwenye chupa. Nako nyumbani mke ameshampigia mwajiri simu mara nyingi kusema kwamba mumewe ana homa, na mjomba ameshalipa madeni ya klabu ili jina la ukoo lisitajwe. Kwa kumwondolea hivyo taabu ya ulevi wake wamemwondolea pia sababu ya kuuacha. Hayo na yakome, bila ya matusi. Mnywaji mwenyewe ayalipe madeni yake, ayakiri makosa yake kwa mwajiri wake, na siku atakapotaka kwenda kutibiwa apate wa kumsindikiza. Akiteleza baada ya mwezi au mwaka, na wengi huteleza, asihesabiwe kuwa amerudi mwanzo, kwa sababu aliyoyajifunza hayakupotea. Aulizwe alikuwa wapi saa ile na nani alikuwa naye, kwani mara nyingi jawabu litakuwa kwamba hakuwa na mtu.

Baraza nalo lina wajibu mwepesi kuliko linavyodhani. Amtazamaye akikaribia na kumwambia, “Masalkheri mwanangu, keti, kahawa yaja,” asimkumbushe ya mwaka jana wala asimpe mawaidha mbele ya watu, ameshamshughulisha katika saa iliyo ngumu kuliko zote za siku yake. Na jioni atakapokosekana, mmoja wao anyanyuke akamtafute kabla ya usiku kuingia, hata kama itambidi avuke hadi mangweni na aonekane huko, kwa maana ukimya wa majirani haujapata kumponya mlevi hata mmoja, na mji uliojua sikuzote alikokuwa akienda unajua pia pa kwenda kumchukua.